Bunduki, Dini na Neno ‘Gaidi’: Mjadala wa New Zealand Baada ya Shambulio la Christchurch

Siku ya Ijumaa tarehe 15 Machi 2019, yapata saa saba na dakika arobaini mchana, mtu mmoja mwenye bunduki aliingia katika msikiti wa Al Noor mjini Christchurch, New Zealand, waumini wakiwa wamekusanyika kwa sala. Kutoka hapo aliendesha gari hadi kituo cha Kiislamu cha Linwood akaendelea kuua. Watu 51 walipoteza maisha, 44 kutokana na shambulio la Al Noor na 7 kutokana na lile la Linwood. Walikuwa na asili ya Pakistani, India, Bangladeshi, Misri, Jordan, Afghanistani, Fiji na kwingineko. Mdogo wao kabisa alikuwa mtoto wa miaka mitatu wa familia ya Kisomali. Muuaji alikuwa raia wa Australia mwenye umri wa miaka 28, mfuasi wa itikadi inayodai kwamba watu weupe wanapokonywa nchi zao na wahamiaji.

Nilipolitaja tukio hili katika semina yetu ya uzamili, siku tuliyokuwa tukijadili uteuzi wa maneno katika taarifa za habari, mwenzangu mmoja aliuliza: “Lakini yule alikuwa gaidi kweli, au ni mtu tu aliyerukwa na akili?” Hakuuliza kwa nia mbaya. Mwalimu wetu alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua iwapo kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuuliza swali hilo kuhusu wale waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Hakuna aliyejibu.

Makala haya yamezaliwa na kimya hicho. Yananuia kumweleza msomaji jinsi mjadala wa umma ulivyokwenda New Zealand baada ya mauaji yale, hasa kuhusu mambo matatu yaliyofungamana: bunduki, dini, na lugha ya chuki. Nitadai kwamba taifa lile liliweza kuibadilisha sheria ya bunduki kwa siku 26 tu, ilhali sheria ya maneno, ambayo tume ya uchunguzi iliipendekeza waziwazi, ilivutwa huku na huko kwa miaka mitatu na hatimaye ikaachwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, tofauti hiyo si jambo dogo.

Jina la tendo

Tuanze na neno lenyewe. Kamusi zetu humweleza gaidi kuwa mnyang’anyi au mtu atekaye watu nyara kwa silaha. Dini haimo kabisa katika maana hiyo. Hata hivyo, tangu ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 na watu 213 wakafa, na zaidi baada ya Septemba 2001, neno hili limevishwa kanzu na kilemba katika fikra za wasemaji wengi. Neno ‘itikadi’ nalo limepatwa na mkasa uo huo. Kwa asili yake ya Kiarabu ni imani tu, jambo ambalo mtu amelifunga moyoni. Lakini likishaambatana na kivumishi ‘kali’, msikilizaji wa redio haitaji tena kuambiwa ni imani gani. Zamani idhaa za ng’ambo zitangazazo kwa Kiswahili zilipenda kusema ‘wenye siasa kali’, usemi ambao angalau uliliacha jambo katika uwanja wa siasa. Binafsi nauona usemi huo kuwa bora kuliko huu uliourithi.

Waziri Mkuu wa New Zealand wa wakati huo, Jacinda Ardern, aliliita tendo lile ugaidi siku ile ile. Twaweza kuliona hilo kuwa la kawaida, lakini halikuwa la kawaida. Mara nyingi mshambulizi mweupe anapoua katika nchi za Magharibi, mjadala huanzia kwenye afya ya akili yake, upweke wake na malezi yake. Anahesabiwa kuwa mtu mmoja. Mshambulizi Mwislamu huhesabiwa kuwa mjumbe wa watu wengi. Ardern aliliziba pengo hilo kwa neno moja. Siku nne baadaye, tarehe 19 Machi, kikao cha Bunge kilifunguliwa kwa dua ya imamu, naye Waziri Mkuu akaanza hotuba yake kwa salamu ya Kiislamu, kisha akatangaza kwamba hatalitamka jina la muuaji kamwe. Makala haya nayo hayatalitaja.

Mahakama ilifuata mkondo huo huo. Mwezi Mei 2019 shtaka la ugaidi liliongezwa juu ya mashtaka 51 ya kuua na 40 ya kujaribu kuua. Mshtakiwa alikiri makosa yote tarehe 26 Machi 2020, na mnamo tarehe 27 Agosti mwaka huo Jaji Cameron Mander akamhukumu kifungo cha maisha bila fursa ya kuachiliwa kwa masharti. Hukumu kama hiyo haikuwahi kutolewa nchini humo. Vilevile, huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kupatikana na hatia ya ugaidi chini ya sheria yao ya mwaka 2002, sheria iliyotungwa katika kivumbi cha mashambulio ya New York, watungaji wake wakiwa na picha tofauti kabisa ya mtu atakayenaswa nayo.

Bunduki

Kuhusu silaha, jambo la kwanza kufahamika ni kwamba muuaji hakuziiba wala kuzipitisha mpakani usiku. Alizinunua dukani. Alihamia New Zealand mwezi Agosti 2017 na kufikia Novemba mwaka huo alikuwa na leseni ya kawaida ya kumiliki bunduki mkononi mwake. Kwao Australia, silaha za aina aliyoitumia zilikuwa zimedhibitiwa vikali tangu 1996, baada ya mtu mmoja kuwaua watu 35 huko Port Arthur. New Zealand hazikuwa zimedhibitiwa hivyo, na hapo pana ufa unaohitaji kuelezwa kwa utulivu.

Bunduki za nusu-otomatiki ni zile zinazojipakia risasi nyingine zenyewe kila mara mtu anapofyatua. Sheria ya New Zealand ilizigawa bunduki hizi makundi mawili. Zikiwa na kasha dogo la risasi, mwenye leseni ya kawaida aliruhusiwa kuzinunua. Zikiwa na kasha kubwa, zilihesabiwa kuwa za mtindo wa kijeshi na zilihitaji kibali maalumu chenye masharti magumu zaidi. Lakini kasha lenyewe, likiwa peke yake, liliuzwa kwa mtu yeyote bila kuulizwa kibali. Basi mtu aliweza kununua bunduki halali asubuhi, akanunua kasha kubwa halali mchana, na jioni akaviunganisha vyote viwili nyumbani kwake akapata silaha ambayo sheria haikumruhusu kuwa nayo. Muuaji alifanya takriban hivyo.

Isitoshe, hata leseni yenyewe ilitolewa kwa ulegevu. Utaratibu ulitaka mwombaji awe na wadhamini wawili wanaomfahamu vyema, mmoja wao akiwa jamaa wa karibu. Yeye aliandikisha rafiki aliyefahamiana naye kupitia michezo ya kompyuta kwenye intaneti, pamoja na mzazi wa rafiki huyo, nao wakakubaliwa. Tume ya Kifalme ya Uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwezi Desemba 2020 iliwakosoa polisi kwa hilo. Kwetu Kenya, ambako kijana hupata barua ya chifu kwa kusubiri asubuhi nzima kwenye benchi, tunaweza kutabasamu. Lakini sote twajua jinsi jina la mdhamini linavyoweza kuandikwa na mtu asiyemjua mwombaji.

Serikali ilitangaza kuzipiga marufuku bunduki hizo tarehe 21 Machi, siku ya sita baada ya mauaji. Tarehe 10 Aprili Bunge likaupitisha mswada kwa kura 119 dhidi ya 1. Aliyepinga alikuwa David Seymour, mbunge pekee wa chama cha ACT wakati huo. Alidai kuwa sheria ya jambo zito kama hilo haiwezi kutungwa kwa kukimbizana. (Inasimuliwa bila kumwonea kwamba mapema mwezi huo alikosa kura ya kupinga utaratibu huo wa haraka kwa sababu alikuwa nje ya ukumbi akiwaeleza wanahabari kwa nini ataupinga.) Kuanzia Julai hadi tarehe 20 Desemba 2019, polisi walizinunua silaha zilizopigwa marufuku kutoka kwa wamiliki, na zaidi ya bunduki 56,000 zikakusanywa.

Ingekuwa dhuluma kuwaeleza wapinzani wa sheria hiyo kana kwamba wote walikuwa wapenda damu. New Zealand ni nchi ya wakulima na wawindaji. Yapata watu robo milioni walikuwa na leseni, katika taifa la watu milioni tano hivi. Sungura, kulungu na wanyama wengine walioletwa na walowezi huharibu mashamba na misitu, na mkulima huiona bunduki kama sisi tuonavyo panga: chombo cha kazi. Wengi wa watu hawa walisema hawakumdhuru mtu yeyote, walitii kila sharti, na sasa wanatozwa faini ya kosa la mgeni ambaye polisi wenyewe walimpa leseni kizembe. Hoja hiyo ina uzito. Ila haijibu swali la lile kasha la risasi.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa mjadala huo kuzuka. Mwaka 1990, katika kijiji cha Aramoana, mtu mmoja aliwaua watu 13 kwa bunduki. Sheria ikarekebishwa 1992 kwa kiasi. Mwaka 1997 ripoti ya Jaji Thorp ilipendekeza kila bunduki iandikishwe na zile za nusu-otomatiki zidhibitiwe zaidi. Mapendekezo yakalala kwenye rafu. Mwaka 2017 kamati ya Bunge ilileta mapendekezo 20 mengine, na mengi yakakataliwa. Kwa hiyo siku 26 za mwaka 2019 zilikuwa zimetanguliwa na zaidi ya miaka 20 ya kuahirisha. Daftari la kuandikisha bunduki, alilolitaka Thorp, lilifunguliwa hatimaye mwezi Juni 2023. Mwishoni mwa mwaka huo serikali nyingine ikaingia madarakani, ACT ikiwa ndani yake ikiwa na wabunge 11 badala ya yule mmoja, na kazi ya kuipitia upya sheria ya silaha akakabidhiwa Nicole McKee, ambaye kabla ya siasa alikuwa msemaji wa wamiliki wa bunduki wenye leseni.

Dini ya nani?

Katika mashambulio mengi tuliyozoea kuyasikia, swali la dini huelekezwa kwa washambulizi. Hapa washambuliwa ndio waliokuwa na dini inayotajwa. Cha kushangaza ni kwamba hata hivyo swali liliwageukia wao. Siku ile ile ya mauaji, seneta mmoja wa Australia, Fraser Anning, alitoa taarifa akidai kwamba chanzo cha umwagaji damu ni kuruhusiwa kwa Waislamu kuhamia nchi hizo. Kesho yake kijana wa miaka 17 alimpasulia yai kichwani mbele ya kamera, na mwezi uliofuata Seneti ikampitishia azimio la kumlaumu. Mei hiyo hiyo alipoteza kiti chake. Tukio la yai lilichekesha dunia nzima, likaifunika hoja iliyokuwa nyuma yake: kwamba maiti wenyewe walishtakiwa kwa kifo chao.

New Zealand yenyewe ilikwenda njia nyingine. Ijumaa ya tarehe 22 Machi adhana ilirushwa na vyombo vya habari vya taifa, watu wakakaa kimya kwa dakika mbili, na maelfu wakasimama katika bustani ya Hagley, mkabala na msikiti wa Al Noor, imamu Gamal Fouda akitoa hotuba. Wanawake wengi wasio Waislamu walijitanda vichwa siku hiyo. Hapa napo pakazuka ubishi, na ulizuka miongoni mwa wanawake wa Kiislamu wenyewe. Baadhi yao waliona faraja kwa jirani kuvaa kama wao. Wengine waliuliza mtandio huo utakuwa wapi Jumatatu, na kwa nini huruma iwe vazi la siku moja wakati wao huvaa na kutukanwa mwaka mzima.

Mjadala ninaoupenda zaidi, na ambao sisi watu wa fasihi tungeweza kuufanyia tasnifu, ni ule wa jina la timu ya raga. Timu ya Christchurch huitwa Crusaders, yaani wapiganaji wa Vita vya Msalaba, wale waliokwenda Yerusalemu kupigana na Waislamu. Kwa miaka mingi kabla ya mechi, wapanda farasi waliovaa deraya walizunguka uwanja wakiwa na panga, na umati ukashangilia. Hakuna aliyefikiria lolote. Baada ya tarehe 15 Machi, picha ile ile, bila kubadilika hata kidogo, haikuvumilika tena. Kulikuwa na waliosema jina ni jina tu, lina historia ya ushindi uwanjani na si ya dini. Na kulikuwa na waliojibu kwamba maana ya neno haiamuliwi na anayelitamka peke yake, bali pia na anayelisikia. Mwezi Novemba 2019 klabu iliamua kubaki na jina ila ikaiondoa nembo ya mpanda farasi mwenye upanga, ikachukua nyingine yenye mchoro wa Kimaori. Farasi walikwenda zao. Neno lilibaki.

Jambo zito zaidi katika uwanja wa dini lilikuwa la usalama. Baraza la Wanawake wa Kiislamu la New Zealand lilikuwa limewaeleza maafisa wa serikali, kwa miaka kadhaa kabla ya 2019, kwamba wanawake wenye hijabu wanasumbuliwa mitaani na kwamba makundi ya ukuu wa watu weupe yanaongezeka. Waislamu wote nchini humo walikuwa takriban 57,000 katika sensa ya 2018. Jamii hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ikichunguzwa na idara za ujasusi, si wale iliowalalamikia. Tume ya Kifalme ilikubali kwamba idara hizo zilielekeza nguvu zao isivyofaa kwenye tishio la Waislamu wenye misimamo mikali. Hata hivyo, kwa uaminifu, sharti tuseme pia lile jingine ambalo Tume iliamua: kwamba hata kama nguvu hizo zingegawanywa vyema, muuaji asingegunduliwa isipokuwa kwa bahati, maadamu alijificha kwa makini. Waraka wake aliutuma kwa ofisi za Bunge dakika 8 kabla ya kuanza kuua. Jamaa wengi wa waliouawa hawakuridhika na uamuzi huo, nami siwalaumu. Hata hivyo sikupata, katika muhtasari wa ripoti hiyo, ushahidi wa kuupindua.

Sheria ya maneno

Tume ilitoa mapendekezo 44, na serikali ikatangaza kuyakubali yote kwa jumla. Miongoni mwake kulikuwa na pendekezo la kurekebisha sheria ya matamshi ya chuki. Ufa wenyewe ulikuwa huu. Sheria ya Haki za Binadamu ya New Zealand ya mwaka 1993 inakataza kuchochea uhasama dhidi ya watu kwa sababu ya rangi, mbari, au asili yao ya kikabila au ya kitaifa. Dini haimo katika orodha. Anayemtukana Msomali kwa kuwa ni Msomali aweza kushtakiwa. Anayemtukana mtu huyo huyo kwa kuwa ni Mwislamu, kwa sheria hiyo, yu huru.

Serikali ilileta mapendekezo mapana mwaka 2021. Yakapingwa kutoka pande nyingi: wapo walioogopa kwamba kuikosoa dini kutafanywa jinai, na wapo viongozi wa makanisa waliohofu kwamba mahubiri yao wenyewe yatapelekwa mahakamani. Mawaziri walipoulizwa ni sentensi gani hasa itakayokuwa kosa, hawakujibu kwa kauli moja. Mwishoni mwa 2022 mpango ukapunguzwa hadi jambo moja, kuongeza neno ‘dini’ katika orodha. Mapema 2023 hata hilo likaondolewa Bungeni likapelekwa kwa Tume ya Sheria lichunguzwe tena, na mwaka 2024 serikali mpya ikaifuta kazi hiyo.

Kwa nini bunduki 56,000 zilikuwa nyepesi kuliko neno moja? Nadhani jibu ni kwamba bunduki huhesabika. Ina urefu, ina kasha, ina bei; afisa anaweza kuipima, kuilipia na kuivunjavunja. Neno la chuki halina kasha. Neno hilo hilo laweza kuwa mzaha kinywani mwa mmoja na wito wa vita kinywani mwa mwingine, na sheria ikijaribu kulishika hulazimika kuingia katika nia, muktadha na hadhira, mambo ambayo sisi wanafunzi wa semantiki na pragmatiki tunayasoma muhula mzima bila kuyamaliza. Si kwamba wabunge wale hawakujali. Waliingia katika somo letu wakakuta ni gumu. Lakini ugumu huo una gharama, na wanaoilipa si wabunge.

Kuna tukio la pili linalolipima jambo hili vizuri. Tarehe 3 Septemba 2021, katika duka kubwa la eneo la New Lynn jijini Auckland, mtu mmoja aliyetoka Sri Lanka, mfuasi wa kundi la Dola la Kiislamu, alichukua kisu kilichokuwa kikiuzwa humo humo na kuwachoma wanunuzi. Watu kadhaa walijeruhiwa. Polisi, waliokuwa wakimfuata kila aendapo, walimpiga risasi akafa papo hapo. Ardern alisisitiza kwamba huyo ni mtu mmoja na si dini wala kabila. Mwaka mmoja kabla, mahakama ilikuwa imekataa kumshtaki kwa ugaidi kwa kuwa kupanga shambulio peke yake hakukuwa kosa katika sheria ya nchi hiyo. Mswada wa kuliziba pengo hilo ulikuwa tayari Bungeni. Ukaharakishwa na kupitishwa kabla ya mwezi kwisha. Baadhi ya maduka yaliondoa visu rafuni kwa muda. Tazama basi: baada ya risasi, sheria ya bunduki, baada ya kisu, sheria ya kupanga njama, na visu vikafichwa. Sheria iliyowahusu waliotukanwa ndiyo peke yake iliyokosa wakati.

Huku kwetu

Msomaji asidhani kwamba ufa huu ni wa New Zealand pekee. Sheria yetu ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, tuliyoipata kwa uchungu baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, inapofafanua chuki inayokatazwa hutaja rangi, mbari, uraia, na asili ya kikabila au ya kitaifa. Dini haimo humo pia. Orodha hizo mbili zinafanana kwa sababu ni ndugu: zote mbili zina mizizi katika sheria za Uingereza. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, haikuilinda chuki inayotokana na misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika kifungu cha 27, na dini imo. Ni kweli pia kwamba Kanuni ya Adhabu inakataza maneno ya makusudi ya kuwaumiza watu hisia za dini yao. Lakini kumuumiza mtu hisia ni jambo moja, na kuwachochea wengine wamchukie ni jambo jingine. Sheria ya 2008 ilitungwa kwa ajili ya hilo la pili, nayo ililisahau neno.

Tumewahi pia kuwa karibu na kosa la upande wa pili. Mswada wa kupambana na ugaidi wa mwaka 2003, ambao haukufaulu, ulikuwa na kifungu kilichofanya vazi la mtu liweze kuwa msingi wa kumshuku kuwa mwanachama wa kundi la kigaidi. Viongozi wa Kiislamu na watetezi wa haki za binadamu waliupinga kwa nguvu, na haukuwa sheria. Ilipofika 2012 sheria nyingine ikapitishwa. Lakini wazo kwamba ugaidi huvaliwa halikuhitaji Bunge ili liendelee kuishi. Shambulio la DusitD2 jijini Nairobi mwezi Januari 2019, miezi miwili kabla ya Christchurch, lililowaua watu 21, lilionyesha kwamba baadhi ya waliolipanga na kulitekeleza walikuwa Wakenya, si wageni kutoka ng’ambo ya mpaka. Hilo halikubadilisha sana ni nani husimamishwa barabarani.

Nina rafiki aliyekulia Wajir, tunayesoma naye. Nilikuwa kidato cha tatu Garissa iliposhambuliwa. Yeye anasema siku hiyo shuleni kwao walikaa wakisikiliza majina redioni wakihofia kusikia la binamu yake. Katika lango la chuo fulani tulichokwenda kwa kongamano, mimi nilipita kwa kupungiwa mkono. Yeye alifunguliwa mkoba, akaulizwa kitambulisho, akaulizwa tena anakotoka, kisha mlinzi mwingine akaitwa autazame mkoba upya. Ndani mlikuwa na vitabu viwili vya ushairi na chupa ya maji. Nilipotaka kulalamika, alinishika mkono akasema, “Achana nao, ndugu yangu. Wanafanya kazi yao.”

Niliporejea semina wiki iliyofuata, nilimuuliza yule mwenzetu aliyeuliza kuhusu muuaji wa Christchurch kama anajua alikuwa wa dini gani. Akafikiri, akasema hajui. Nilimwambia kwamba nimesoma mengi kuhusu mtu huyo na sikumbuki taarifa iliyolifanya hilo kuwa swali la kwanza.

Rafiki yangu wa Wajir alikuwa ameketi mbele yetu. Hakugeuka. Tulipotoka pamoja jioni ile kuelekea mjini, niliona kwamba alikuwa amekishika kitambulisho chake mkononi tangu mlangoni mwa maktaba, na lango lilikuwa bado hatua mia moja mbele.